Wanafunzi wanaieleza bahari vizuri kwa mdomo, lakini wakiandika hawafiki mistari mitatu

Mwalimu wa Gredi ya Tano, Lamu

Assalamu alaikum, walimu wenzangu na wazazi. Nina jambo la darasani ambalo limenikalia moyoni, nami naomba ushauri wenu.

Muhula huu tumejifunza habari za maji kujaa na kupwa. Tulisimika mti wenye alama za sentimita karibu na gati, na kwa siku 30 wanafunzi walipokezana kusoma kina cha maji saa kumi jioni, wakiandika kando ya kila kipimo tarehe ya mwezi mwandamo. Baadaye, siku ya bamvua, yaani siku ambazo maji hujaa sana na kupwa sana, tuliwapeleka mikokoni, kwa kuwa siku hizo maji hupwa kati ya saa nne na saa tano asubuhi na mtu huweza kutembea matopeni bila hofu. Huko ndiko nilikostaajabu. Watoto ambao darasani hawanyanyui mkono walinitofautishia mkoko, mkandaa, muia na mchu kwa kutazama mizizi na majani tu, na mmoja, ambaye babu yake ni fundi wa vyombo, alitueleza kwa utulivu kabisa kwa nini mlilana, mkoko wa aina nyingine, ndio unaotakiwa kwa mataruma, yaani mbavu, za jahazi.

Tuliporudi niliwaagiza waandike ukurasa mmoja. Wengi wao waliniletea mistari mitatu: tulienda mikokoni, tuliona miti, tulifurahi. Yule mjukuu wa fundi hakuutaja mlilana hata mara moja. Nifanye nini ili yale waliyoyasema yafike kwenye karatasi?

Mwalimu wa Kiswahili, Malindi

Wa alaikum salaam, Mwalimu. Hongera kwa kazi hiyo. Kabla sijakujibu, naomba kuuliza: je, daftari zao zina alama nyingi za kufutwa? Nimewahi kufundisha watoto waliotoka visiwani, nikagundua kwamba kalamu zao zilisimama kwenye maneno ya nyumbani. Mtoto anataka kuandika "mai" au "ndia", anakumbuka kwamba atasahihishwa, anafuta, na mwisho anachagua sentensi fupi isiyo na hatari. Mimi sasa huruhusu rasimu ya kwanza iandikwe kwa lahaja ya mtoto mwenyewe, bila wino mwekundu, kisha siku ya pili tunaihamishia katika Kiswahili sanifu tukiwa pamoja. Lugha ya Lamu ilitungiwa tenzi kwa karne kadhaa, kwa hiyo hakuna aibu yoyote mtoto kuanzia hapo.

Kuna jambo la pili, nawe uniwie radhi, linalohusu vipimo vyenyewe. Saa kumi jioni katika pwani yetu ni karibu na wakati wa maji kujaa siku za bamvua, lakini siku za maji mafu ni karibu na wakati wa kupwa. Mtoto anayesoma kipimo cha saa hiyo peke yake atadhani kwamba maji mafu maana yake ni maji machache, ilhali maana yake ni kwamba maji hayajai sana wala hayapwi sana. Pimeni kila saa kwa siku moja nzima ya bamvua na siku moja ya maji mafu, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Kujaa na kupwa vyote viwili vitaangukia ndani ya saa hizo, na mtoto atakuwa na habari yenye mwanzo na mwisho ya kuandika, kwa sababu ataandika siku moja aliyoishuhudia badala ya somo zima.

Mzazi, Langoni

Mwalimu, mimi ni miongoni mwa wazazi waliokuwa na wasiwasi kwamba safari hizi zingewapotezea watoto muda wakati mtihani wa Gredi ya Sita unakaribia. Wasiwasi huo ulinipungua jioni ile binti yangu aliporudi na kumuuliza babu yake, mtu aliyevua samaki maisha yake yote, kwa nini bamvua kubwa huja siku moja au mbili baada ya mwezi kuandama na si siku ile ile. Walizungumza hadi baada ya Isha. Ningependa uwape kazi ya aina hiyo: mtoto amhoji mzee wa nyumbani, aandike maneno yake kama alivyoyasema, kisha aongeze aliyoyaona yeye. Akiwa na maneno ya mtu mwingine mbele yake, haanzi na karatasi tupu.

Mwalimu wa Gredi ya Tano, Lamu

Nawashukuru sana. Nimezifungua tena daftari leo mchana, na Mwalimu wa Malindi amesema kweli: katika daftari la mjukuu wa fundi karatasi imetoboka kwa kufutwa, na chini yake bado inasomeka herufi "ml". Kosa la vipimo pia ni langu, nami nitawaeleza wanafunzi hivyo. Jumatatu ijayo ni tarehe nane ya mwezi mwandamo, maji mafu, kwa hiyo tutakuwa gatini tangu saa mbili asubuhi. Mzazi wa Langoni, tafadhali mwombe babu afike saa nne, maji yakiwa yamejaa, ili watoto wamuulize wakiwa na kalamu mkononi.