Mwendesha baiskeli wa sm 152 na milima ya Mbeya: kubadili vipuri, kubadili fremu, au tairi za 26?

BintiRungwe ameandika:

Wakuu habari za leo. Naomba ulinganisho kutoka kwa wanaojua, siyo "nenda kajaribu dukani".

Mwendeshaji ni dada wa sm 152. Mguu wa ndani ni sm 69, umepimwa peku, mgongo ukutani, kitabu kimebanwa juu kabisa. Mabega mfupa kwa mfupa sm 35, kiatu namba 36. Njia zake ni Uyole hadi Tukuyu na kurudi, mara mojamoja Mbalizi.

Chaguo A: fremu ya chuma ya mtumba, namba 50, bomba la juu limelala sawasawa, tairi 700C (saizi ya baiskeli za mbio), krenki (mikono ya pedeli) za mm 170 zenye sproketi za mbele za meno 53/39, kaseti (sproketi za nyuma) ya meno 12-25, usukani sm 42, shingo (kishikio cha usukani) mm 100. Hii ipo tayari, vipuri tu ndiyo vibadilishwe.

Chaguo B: fremu ya alumini namba 44, bomba la juu limeinama, 700C, krenki 170 zenye 50/34, Sora (vifaa vya gia vya Shimano) ya gia 9, kaseti 11-28.

Chaguo C: baiskeli ndogo ya mlimani, tairi za 26, ifungwe usukani wa mbio uliopinda.

Hela ya kununua kila kitu haipo. Aanze na kipi?

---

FundiIpogolo amejibu:

A ifute kabla hujanunua hata nati. Hesabu yake ni fupi. Kitovu cha krenki kwenye baiskeli ya 700C huwa kama sm 27 toka chini. Bomba la kiti la sm 50, kwa sababu limelala kidogo nyuma, linapanda wima kama sm 48. Jumla sm 75. Mguu ni sm 69. Hata akivaa viatu vya soli nene, akisimama ghafla kwenye taa za Kabwe anakalia bomba. Hakuna shingo wala kiti kitakachobadilisha hilo.

Angalia na bomba linaloshika kiti. Urefu wa kiti toka katikati ya krenki ni mguu wa ndani mara 0.883, yaani kwake ni sm 60.9. Ondoa 50 za fremu, ondoa kama 7 za kiti chenyewe na kibanio chake. Bomba hilo linabaki nje kama sm 4. Ukiona baiskeli ya namna hiyo utadhani imemtosha kwa sababu anafika pedeli, kumbe mikono imenyooka kama anasukuma toroli.

B bomba lake limeinama, kwa hiyo pale anaposimamia pako chini. Pima hapo hapo, kama sm 5 mbele ya ncha ya kiti. Ikisoma 67 au pungufu, ichukue.

---

Kadensi70 amejibu:

Naunga mkono B, ila msimwache na hizo krenki za 170. Watu wakiona mtu mfupi wanakimbilia shingo fupi. Shingo inasogeza mikono tu. Krenki ndiyo inayoamua kiti kikae wapi, na kiti ndicho kinachoamua mengine yote.

Kwa krenki za 170, pedeli ikiwa juu kabisa, toka kiti hadi pedeli ni sm 60.9 toa 17, zinabaki 43.9. Weka za 155. Pedeli ya chini imepanda mm 15, kwa hiyo kiti nacho kinapanda mm 15 kuwa 62.4. Toa 15.5, unapata 46.9. Umefupisha krenki kwa mm 15 lakini goti limepata nafasi ya mm 30 kule juu. Nyonga haikunjwi mpaka paja linagusa tumbo, na ule mtindo wa goti kutoka nje kama bawa la kuku unaisha.

Faida ya pili ni kiatu kugonga tairi la mbele. Fremu ndogo za 700C nyingi zina kama sm 57 toka katikati ya krenki hadi ekseli ya mbele. Tairi la mm 28 lina nusu-kipenyo cha mm 339. Kiatu namba 36 hutoka mbele ya ekseli ya pedeli kama mm 75. Ukijumlisha na 170 ni 584, kwa hiyo kiatu kinagonga. Ukijumlisha na 155 ni 569, kinapita kwa unywele. Kwenye mwendo hilo halikusumbui, maana usukani haupindi kiasi hicho. Linakuangusha ukigeuza polepole barabarani au ukikata kona kali huku unapanda.

Kiti kikipanda mm 15, usukani nao unakuwa chini kwa mm 15. Msikate bomba la foki (uma wa mbele), acheni spesa (pete za kuinua shingo) zote chini ya shingo.

---

Mnyalu_Kihesa amejibu:

Kadensi, kwa karatasi uko sahihi, ila krenki za 155 unazipata wapi huku? Za 165 zipo kwenye mitumba ukitafuta kwa subira. Krenki za Shimano 105 R7000 zinafika hadi 160. Mimi ningemwambia aweke 165, apunguze shingo, aendelee na safari.

---

Kadensi70:

Mkuu, kutoka 170 kwenda 165 goti linapata mm 10. Siyo bure, ila kama unalipia krenki nzima, afadhali 160 kuliko 165. 155 ikikosekana, 160 inatosha.

Pia kuna krenki za baiskeli za watoto wakubwa, za ekseli ya pembe nne, nyingi ni mm 152. Angalia jambo moja: kama sproketi imepigwa ribiti kwenye mkono, huwezi kubadilisha meno. Chukua yenye bolti.

---

FundiIpogolo:

Niongezee la kutoboa krenki upya, maana najua mtu atalileta. Linawezekana kwa wachonga vyuma wazuri, kwa masharti. Krenki iwe ya alumini iliyojaa. Zile za Hollowtech za Shimano ndani ni tupu, ukitoboa umezitupa. Tundu la pedeli ni mm 14.3, kwa hiyo ukisogea mm 15 tu, ukuta unaobaki kati ya tundu jipya na la zamani haufiki hata mm 1, utapasuka. Sogea angalau mm 20: 175 inakuwa 155, na 170 inakuwa 150. Ndiyo maana kwa kazi hii 175, ambayo kila mtu mfupi anaikimbia, ni bora kuliko 170.

Biti ya mm 13, kisha tepu (kifaa cha kukata uzi) ya inchi 9/16 yenye nyuzi 20 kwa inchi. Upande wa kushoto uzi ni wa kinyume. Wengi hawana tepu ya kinyume, na hapo ndipo kazi inapoharibika: anakata uzi wa kawaida pande zote mbili, pedeli ya kushoto inajifungua yenyewe njiani. Muulize fundi akuonyeshe tepu mbili mkononi kabla hujampa krenki.

---

SpeaMwanjelwa amejibu:

Mmesahau mikono. Kwa mtu wa Mbalizi, breki ndiyo habari yenyewe. Mteremko wa Iwambi na malori yale, akishindwa kufikisha vidole viwili kwenye breki akiwa ameshika chini ya usukani, krenki za 155 hazitamsaidia kitu.

Usukani uwe sm 36. Pima katikati kwa katikati ya ncha za bomba. Wauzaji wengine wanapima nje kwa nje, na 38 ya nje kwa nje ndiyo 36 yako. Muhimu kuliko upana ni umbo. Sukani za zamani zinasogea mbele mm 85 au zaidi na kushuka mm 140 na kitu. Tafuta zenye kusogea mm 70 na kushuka mm 120 hadi 125. Hapo umempa mm 15 bila kugusa shingo. Baada ya hapo weka shingo ya mm 70 au 80. Kabla ya kulipa hakikisha kipenyo cha usukani kinalingana na shingo: 31.8 na 26.0 hazioani, na kuziba pengo kwa bati la kopo ni kutafuta msiba. Bolti zake za M5 zikazwe kwa msalaba, Nm 5.

Sasa shifta (mikono ya kubadilishia gia). Sora za gia 9 ziko za namna nyingi. Ile 3400 ina kitufe cha kushushia gia upande wa dole gumba. Ukiwa umeshika chini hufiki, na kwa kiganja kidogo hata ukiwa juu ni kazi. Iacheni. R3000 ina wenzo wa pili nyuma ya breki, na ina skrubu ya kusogeza mkono wa breki karibu. Nyingi za zamani za gia 9 na 10 hazina skrubu, zinatumia kabari za mpira juu ya mkono wa breki, na kwenye mitumba kabari zimeshapotea.

Ukishasogeza mkono wa breki, kazi haijaisha. Umeupunguzia safari. Legeza kebo pale kwenye breki, vuta, kaza, sogeza pedi zikaribie rimu. Kisha bana kwa nguvu zote: kati ya mkono na usukani kibaki kidole kimoja. Ukigusa usukani, pedi bado ziko mbali au kebo inavutika.

Kama baadaye atahamia breki za diski za mafuta, Shimano walitengeneza mikono maalumu kwa viganja vidogo: ST-4725 ya Tiagra na ST-R7025 ya 105.

---

Uporoto_34 amejibu:

Kwenye gia mnapita juujuu. Krenki fupi inapunguza nguvu ya wenzo. Kwa 155, kaseti ya meno 32 miguuni inahisiwa kama 29 kwenye krenki za 170. Kwa hiyo 11-28 ya chaguo B hapo hapo imekuwa kama 25 na nusu. Barabara ya kutoka Tukuyu kurudi Isongole inapanda karibu muda wote, tena mara nyingi kwenye mvua na ukungu.

Kwa spidi ya km 9 kwa saa, 34 mbele na 28 nyuma anazungusha kama mara 58 kwa dakika. Kwa 34/34 anazungusha 70. Hiyo 39/25 ya chaguo A ingemwacha kwenye 45, hapo siyo kuendesha tena, ni kupiga jembe.

Namna rahisi: direla (kihamisha mnyororo) ya nyuma ya baiskeli ya mlimani ya Shimano, ya gia 9, ile ya mkono mrefu. Inakubaliana na shifta za Sora ya gia 9 bila kifaa cha katikati. Ya gia 10 ya mlimani haikubali, kipimo cha kuvuta kebo kimebadilika. Funga kaseti 11-34. Mnyororo: upitishe sproketi kubwa mbele na kubwa nyuma bila kupita kwenye direla, ongeza viungo 2, kata. Ukikata mfupi, siku akiweka kubwa kwa kubwa kimakosa atang'oa direla. Kisha kaza skrubu ya B (inayosogeza direla mbali na kaseti) mpaka gurudumu dogo la juu la direla lipishane na jino kubwa kwa mm 5 hadi 6.

Kuna direla za Shimano LX na XT za miaka ya 2000 ambazo springi yake inafanya kazi kinyume: kebo ikilegea mnyororo unapanda gia kubwa. Ijaribu kwa mkono pale pale sokoni. Ikiwa haijafungwa kebo na imejisogeza kuelekea ndani, kwenye spoki, irudishe.

---

MkaangaTairi amejibu:

Natetea C kidogo. Tairi la 26 unalipata Mwanjelwa, Makambako, Mafinga, hata kwenye vibanda vya vijijini. Tairi laini la 26x1.5 lina mzunguko wa kama m 1.99 badala ya 2.14, kwa hiyo gia zote zinashuka asilimia 7 bila kununua kitu. Kiatu hakigongi tairi.

Ila usukani uliopinda usifunge! Fremu ya mlimani bomba la juu ni refu kwa sababu imekusudiwa usukani ulionyooka. Ukiongeza usukani unaosogea mbele mm 70 zaidi, dada anaogelea. Na breki za V (za mikono mirefu miwili inayobana rimu) zinataka kebo ivutwe mara karibu mbili ya inavyovutwa na mikono ya breki ya baiskeli ya mbio. Atabana mpaka mwisho na rimu itaguswa kwa huruma. Acha usukani ulionyooka, ukate mpaka sm 54, weka pembe ndogo za kushikia pembeni. Kwa hela kidogo, hiyo ndiyo inayotoka haraka.

---

BintiRungwe:

Asanteni sana. Kwa hiyo B: krenki 155 au 160 kwanza, kisha usukani 36 na shingo, kisha kaseti na direla? Na kiti nikisogeze mbele ili afikie usukani?

---

Kadensi70:

Kiti hapana. Ukikisogeza mbele uzito unahamia viganjani na ganzi inaanza kabla hajafika hata Igawilo. Kiti kikae kwa ajili ya miguu, usukani ndio umfuate.

---

Uporoto_34:

Mpangilio ni huo, ila kaseti na direla vifungwe siku moja na krenki. Krenki fupi peke yake na 11-28 atailaumu krenki.

---

MkaangaTairi:

Na ukienda kununua tairi la B usiombe "la 28". Utapewa la baiskeli za mizigo, 28x1½, ambalo kipenyo chake cha ndani ni mm 635. La kwako ni 622. Soma namba ubavuni mwa tairi. 635 ikipandishwa kwenye rimu ya 622 itaingia kirahisi mno, na ukijaza upepo inachomoka.

---

BintiRungwe:

Nimeelewa. Jumamosi naenda na futi kupima bomba la juu. Nikikuta 67 naichukua.

---

FundiIpogolo:

Upime ikiwa na upepo kwenye tairi. Zikiwa zimelala utadanganywa sm 2.