Mrejesho: mashine ya kufungia samaki bila hewa
Ndugu zangu, nawashukuru kwa dhati. Niliwauliza nifanyeje mashine isivute maji ya samaki na kuacha mifuko ikivuja. Nilifuata ushauri wa kugandisha minofu ya sangara kwa saa 2 kabla ya kuifunga, nikapangusa mdomo wa mfuko hadi ukakauka, na sasa mshono unatoka mpana, hauna hata kitobo. Kwa dagaa wakavu, hawa tunaowaita mukene hapa Jinja, Uganda, sikufanikiwa: vichwa vyao vilitoboa plastiki usiku uleule, ingawa niliwazungushia karatasi. Ila nawasihi, samaki wabichi waliofungwa hivi wasiachwe nje ya friji, kwa kuwa bakteria wa botulizimu, ugonjwa hatari wa sumu ya chakula, hustawi pasipo hewa. Umeme ukikatika wakayeyuka na kupata joto, mimi huwatupa.