Mkulima akiuliza makato, tumcheke lafudhi?

Naiweka mada mezani, mwenye hoja aje nayo. Je, ni haki kumsahihisha mtu mzima matamshi mbele za watu?

Msimu uliopita wa korosho, kwenye mkutano wa chama kimoja cha msingi cha ushirika huku Mtwara, mzee alisimama kuuliza kwa nini makato kwenye malipo yao yamepanda. Alipotamka "nkulima", ukumbi ukaangua kicheko. Kijana wa meza kuu akamwambia, "Sema mkulima, mzee wangu." Mzee akasema mkulima, akakaa. Mpaka tunatawanyika, makato hayakujibiwa.

Kwangu mimi lafudhi si kosa. Mpemba akitamka vyake tunasifu Kiswahili kitamu, wa Newala akitamka vyake tunashika mbavu. Kipimo gani hicho? Hicho Kiswahili sanifu nacho kilichaguliwa na watu: mkutano wa Mombasa wa 1928 ulichukua lahaja ya Kiunguja, na mwaka 1930 kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi. Kimgao cha Kilwa kikaachwa, na Kilwa ilikuwa ikiuza dhahabu karne nyingi kabla Dar es Salaam haijawa mji! Sisemi sanifu itupwe. Bila hiyo wa Bukoba na wa Lindi wangeandikiana vipi? Ila wanaostahili kusahihishwa tunawaogopa. Kiongozi anachomeka Kiingereza kila baada ya maneno matatu mbele ya bibi wa Tandahimba, na hakuna anayeguna.

Mwalimu, Masasi: Ndugu mleta mada, uchungu wako nauelewa, lakini darasa umeliruka. Mtoto huandika anavyotamka. Akiandika "ntoto" kwenye mtihani, msahihishaji hana habari na bibi yake, anakata alama. Nikimwachia eti ndiyo asili yake, nitakuwa nimemsaidia nani?

Mleta mada: La daftari nakubali, mwalimu, kalamu nyekundu ifanye kazi. Lakini mwite pembeni. Nawajua waliochekwa wakiwa darasa la tatu; sasa ni baba wa watu, na mkutanoni wanakaa nyuma, mkono hawanyooshi.

Lindi mjini: Tuseme ukweli, wanaotucheka sana ni sisi wenyewe. Mtu akikaa Dar miaka miwili, akirudi Kimwera, lugha ya kwao, hataki kukisema hata na mama yake. BAKITA, Baraza la Kiswahili la Taifa, imeundwa 1967 kukuza Kiswahili, sijasikia imemtuma mtu kumuonea haya mama yake.

Mwalimu, Masasi: Hapo tuko pamoja. Mtoto akijua Kimakua na sanifu akaiandika vizuri, mimi nataka nini tena?

Lindi mjini: Sawa, mwalimu, lakini baada ya shule? Kijana wa huku akienda kuomba kazi ya utangazaji, akaambiwa kwanza aondoe ukusini kwenye ulimi wake, naye sarufi yake haina doa, tumshauri akubali au akatae? Mimi mwanangu anaitaka hiyo kazi, na jibu sina.