Kikundi cha ukoo, Hombolo na Dodoma mjini: Nyumba ya buibui wa Joel

Joel (Leipzig): Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo hamjambo? Naomba msaada. Jumamosi nampokea buibui, yale makubwa yenye manyoya, tarantula. Kazaliwa hukuhuku Ujerumani kwa mfugaji, lakini asili yake ni kwetu. Wafugaji wa huku wanamwita buibui wa Dodoma, kisayansi ni Pterinochilus lugardi. Nataka boksi lake la kioo lifanane na nyumbani. Wenzangu wanaweka mafuvu ya plastiki na majumba ya kuchonga. Mimi nataka mtu akichungulia aone Hombolo.

Mama Daudi: Marahaba mwanangu. Buibui?? Huko hakuna paka?

Joel (Leipzig): Paka wapo mama mdogo 😀 Ila huyu nimemtaka miaka mingi. Ni jike, anaweza kuishi zaidi ya miaka 10.

Mjomba Fundi: Marahaba. Boksi lina vipimo gani?

Joel (Leipzig): Sentimita 30 kila upande, mjomba, na kwenda juu 30. Mpango wangu ni huu: chini udongo sentimita 5, katikati mbuyu nitakaoufinyanga, urefu sentimita 20, pembeni mawe kama ya Mlima Simba, halafu tembe ndogo ya kujifichia.

Dada Upendo: Joel, subiri kwanza kufinyanga. Nafundisha baiolojia na viumbe hawa nawapenda, niache niseme kwa kirefu kidogo.

Dada Upendo: Huyo ni mchimbaji. Maisha yake yote ni shimo, analichimba, analitandika hariri, anakaa mdomoni usiku kusubiri chakula kipite. Udongo wa sentimita 5 haumtoshi. Jaza mpaka 18 au 20. Ukifanya hivyo, nafasi inayobaki kati ya udongo na kifuniko inakuwa ndogo, na ndivyo inavyotakiwa. Tumbo la tarantula ni laini sana. Akipanda ukuta wa kioo akaanguka kutoka juu, tumbo linaweza kupasuka, na hapo kupona ni vigumu. Mbuyu wa sentimita 20 ni kumjengea ngazi ya kuangukia.

Joel (Leipzig): Kwa hiyo mbuyu hakuna 😢

Dada Upendo: Mbuyu upo, ila weka shina tu, kipande kifupi kilicholala kama umeangushwa na upepo. Gome kavu la mti litafanya kazi hiyo vizuri kuliko cha kufinyanga, na chini yake ndipo atakapoanzia shimo.

Kulwa: Kaka Joel, mie nikimkuta mwingine shambani nikutumie? Hapa wapo wengi tu.

Dada Upendo: Hapana Kulwa, waache walipo. Serikali ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi tangu 2016. Na jike mkubwa ukimtoa kwenye shimo lake umeondoa uzao wa miaka.

Shangazi Mpwapwa: Basi tumtumie udongo. Mfuko mmoja wa udongo mwekundu, apate harufu ya kwao.

Joel (Leipzig): Shangazi shikamoo. Natamani sana, lakini Umoja wa Ulaya hauruhusu udongo kuingia kutoka kwetu, kwa sababu ya magonjwa ya mimea. Nitachanganya wa huku. Nielezeni tu wa Hombolo ukoje ukiushika mkononi, nimeanza kusahau.

Neema: Niko na Bibi hapa, naandika anachosema. Bibi anasema Mbukwenyi, anawasalimu kwa Kigogo. Anasema udongo wa mashamba ya juu ni mwekundu wenye mchanga, ukikauka unakuwa mgumu hadi jembe linalia. Ule mweusi wa mbugani ni mwingine, huo unapasuka nyufa kiangazi, usiutumie.

Neema: Anasema pia hao buibui anawajua. Ukienda shambani alfajiri unaona tundu lina utando mdomoni, umande umekaa juu yake. Walikuwa wanakatazwa kuingiza kidole.

Joel (Leipzig): Asante sana Bibi ❤️ Hiyo ya utando mdomoni ndiyo nataka nione.

Mjomba Fundi: Sasa nisikilize mimi. Chukua udongo wa mfinyanzi sehemu moja, mchanga mwekundu sehemu moja, na makumbi ya nazi yaliyosagwa sehemu mbili. Loanisha kidogo, ukifinya ushikamane lakini usitoe maji. Halafu usimwage wote kwa mpigo. Weka tabaka la vidole vitatu, shindilia, weka lingine, shindilia. Shimo kwenye udongo uliolegea linabomoka, mwenye nyumba yumo ndani.

Mjomba Fundi: Na mawe. Jiwe usiliweke juu ya udongo. Jiwe likae kwenye kioo, chini kabisa, ndipo udongo ulizunguke. Yeye atachimba chini ya jiwe, na kama halina msingi litamshukia.

Dada Upendo: Mjomba umesema kitu ambacho wafugaji wengi hawakifuati. Kabisa.

Mjomba Fundi: Msingi ni msingi.

Baba Daudi: Taa je? Si mtamwekea taa ya joto, huko kuna baridi.

Dada Upendo: Shikamoo baba mdogo. Taa hapana, ni wa usiku, mwanga unamsumbua na unamkausha. Hata mkeka wa umeme usiuweke chini ya boksi. Huko porini akisikia joto anachimba kwenda chini, kwenye ubaridi. Ukiweka moto chini, anakimbilia kwenye moto. Chumba chenye nyuzi 22 mpaka 25 kinamtosha. Hapa Dodoma usiku wa Julai hushuka mpaka 14 hivi, na wanaishi.

Joel (Leipzig): Na maji? Kuna mtu kaniambia ninyunyizie kila siku.

Dada Upendo: Mvua zetu ni Desemba mpaka Aprili, zikikata zimekata. Mfanyie hivyohivyo. Juu kukavu, pembe moja mwagia maji mara mojamoja yazame chini, na kisahani kidogo cha maji kiwepo siku zote. Boksi lililolowa halafu halina hewa linaota ukungu.

Dada Upendo: Kuhusu hewa: kifuniko chako kina wavu wa waya?

Joel (Leipzig): Ndiyo, juu kote.

Dada Upendo: Utoe. Kucha za miguu zinanasa kwenye matundu ya wavu, ananing'inia, anavunjika mguu. Weka bamba la plastiki ngumu ulitoboe matundu madogo, na mengine ubavuni ili hewa ipite.

Shangazi Mpwapwa: Mimea mtaweka? Nyumba bila kijani haipendezi.

Joel (Leipzig): Nilifikiria minyaa, shangazi, kama uzio wa kwa Bibi.

Shangazi Mpwapwa: Aa, mnyaa una utomvu mbaya, unapofusha macho. Usiguse.

Dada Upendo: Sahihi. Na vyenye miiba pia achana navyo. Kijani hakihitajiki, kiangazi chetu si kijani. Weka nyasi kavu kidogo na vijiti vya kama mgunga usio na miiba, vimesimamishwa karibu na gome. Hivyo atavitumia kufungia hariri. Baada ya wiki kadhaa utando utafunika nusu ya ulichopanga, usiuondoe. Ndiyo mapambo yenyewe.

Mama Daudi: Na akikung'ata?

Dada Upendo: Anauma kweli, mama mdogo, maumivu makali na misuli kukakamaa. Wa Amerika wengi wana manyoya ya kuwasha wanayorusha, wa kwetu hawana, wanategemea meno na mbio. Joel, chombo kirefu cha kushikia ndicho kiingie ndani, mkono usiingie. Na ukimkuta amelala chali usidhani amekufa, anajivua ngozi. Toa mende wote wa chakula chake, usimguse.

Joel (Leipzig): Nimeandika yote. Na tembe?

Mjomba Fundi: Tembe ifanye, kwa udongo uleule, paa bapa, fupi. Iegemee kioo cha nyuma na ikae kwenye jiwe lenye msingi. Kabla hujaweka tabaka la juu nitumie picha niangalie ulivyoshindilia.

Joel (Leipzig): Nitaanza Alhamisi jioni. Shimo la kuanzia nilitoboe wapi?

Dada Upendo: Chini ya gome, kwa mpini wa mwiko, liende mshazari likigusa kioo cha mbele. Hapo unaweza kubahatika kumwona akiwa ndani. Kioo hicho kifunike kwa karatasi nyeusi mchana.

Neema: Bibi anauliza ni jike la kuzaa?

Joel (Leipzig): Mwambie bado mdogo kidogo, Bibi. Ijumaa nawatumia picha za boksi.