Je, maziwa huondoa sumu ya madini ya risasi mwilini?

Fundi wa Katwe:
Ndugu zangu, ninafanya kazi katika karakana moja hapa Katwe, Kampala, ambako tunapasua betri kuukuu za magari na kuyeyusha risasi iliyomo ili tumimine chubwi, yaani vizito vya kuzamisha nyavu za wavuvi wa Ziwa Viktoria. Kila jioni mwajiri hutugawia maziwa, akisema kwamba yanaosha sumu. Mwenzangu ana wiki ya pili anasokotwa na tumbo, hapati choo, na mikono inamtetemeka. Je, maziwa yanatosha?

Muuguzi:
Mwanangu, hayatoshi. Ni kweli kwamba mwenye kalsiamu ya kutosha mwilini hufyonza risasi kidogo zaidi tumboni, lakini ile mnayoivuta kwa pumzi haikutani na maziwa popote. Risasi huyeyuka kwenye nyuzi 327 za Selsiasi, na kadiri sufuria inavyozidi kupata moto ndivyo mvuke wake unavyoongezeka, nacho kitambaa mnachojifunga puani hakiuzuii. Kwanza moshi uvutwe nje kutoka juu ya tanuri. Barakoa yenye kichujio hufuata baadaye. Mwenzako aende hospitali, na aseme waziwazi kwamba anayeyusha risasi, maana asiposema huenda akatibiwa vidonda vya tumbo. Apimwe damu: Shirika la Afya Duniani linaelekeza kwamba mtu akikutwa na mikrogramu 5 au zaidi za risasi kwa desilita ya damu, chanzo kitafutwe na kuondolewa. Akirudi kwenye moshi uleule, matibabu yatakuwa kazi bure.

Fundi mstaafu:
Msisahau nyumbani. Mimi nilikuwa nikirudi na ovaroli yangu, na binti yangu mdogo alizoea kunikumbatia miguu, pale penye mikunjo iliyojaa vumbi la kijivu. Hakuna aliyeniambia kwamba watoto hufyonza risasi kuliko sisi na kwamba huwaharibu ubongo. Hilo linaniuma mpaka leo. Oga na ubadilishe nguo hukohuko kazini, usile karibu na tanuri, na sakafu ilowanishwe kabla ya kufagiwa.

Muuguzi:
Niongeze kwamba Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga bila kumtoza mfanyakazi.

Fundi wa Katwe:
Asante, mama, nawe mzee wangu. Kesho asubuhi nitamsindikiza mwenzangu hospitali, na mimi mwenyewe nitaomba kupimwa.