Eti "nani alikutuma uzime swichi usiku?" MIMI?

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi, kisa swichi ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha kompyuta, mikono bado inatetemeka. YULE JAMAA, mnamjua, sina haja ya kumtaja, kanisimamisha mbele ya watu wote: "Nani alikutuma uzime swichi usiku?"

Ushahidi wake? Kaona muda wa swichi kuwa hewani umerudi sifuri. Basi! Hakuuliza kama kuna mlango wa waya uliodondoka. Hakutazama kama ilituma trapu, ule ujumbe wa taarifa, ya kuwaka upya. Haikutuma! sysUpTime, saa ya muda wa kuwa hewani kwenye SNMP (lugha ya kusimamia vifaa vya mtandao), inahesabu mia za sekunde kwa biti 32. Ikifika siku ya 497 inajaa, inaanza upya. Na siku zote hizo 497 yeye ndiye aliyekataa swichi isiguswe!

"Nani alikutuma?" Kwa sauti ya kumhoji mwizi wa kuku. Nafungua mdomo nimweleze, ananikata: "Usinitajie namba." Msimamizi wa mtandao huyo!

Nani alikutuma. Mimi.

#2 Chai. Siku 497 hakuna aliyejikwaa kwenye waya?

#3 Ungemwonyesha snmpEngineTime, saa nyingine ya SNMP, hiyo inahesabu sekunde nzima nzima, haijai siku ya 497. Umenyamaza huko, unakuja kulia huku.

Mleta uzi KASEMA ASITAJIWE NAMBA!

#4 Afadhali wako. Wangu anatazama grafu ya kiungo cha gigabiti 1, anasema hakitumiki. Kaunta ya baiti ya biti 32, kiungo kikijaa data, inafika mwisho na kuanza upya kila sekunde 34, yeye anapima kila dakika 5. Nikamwambia tutumie kaunta za biti 64, kauliza kama zinakula umeme zaidi.

#5 Hamjaona kitu. Kwetu neno la siri la SNMP la kusomea vifaa bado ni "public", la kuandikia "private", yale yale ya kiwandani.

#6 Mkuu tupe IP tuje kuwasalimia 😂

#5 Na ni SNMP toleo la 2c, kila kitu kinapita wazi kwenye waya. Nikaomba toleo la 3 linaloweza kuficha, nikaulizwa la 2 limeharibika lini.

#7 Trapu zangu zinaenda UDP 162, zikipotea hakuna anayejua. Nikasema tutumie inform, taarifa kama trapu ila angalau zinajibiwa. Mpaka leo na mimi sijajibiwa.

Mleta uzi Jamani, mimi nimeitwa mhalifu mbele ya…

#8 Samahani, nani anaijua OID (namba ya kuulizia kwenye SNMP) ya wino wa printa? Yetu inajibu -3.

#4 Hiyo -3 maana yake wino upo, kiasi haijui.

#2 Printa mkweli kuliko mleta uzi.

#8 Na ikijibu -2?