Mtoto kapata wani, chuo je? Wazazi tupeane uzoefu

MamaKibaha: Wakuu, matokeo ya kidato cha sita yametoka, nyumbani kwangu ni vigelegele. Binti wa PCB (fizikia, kemia, biolojia), wani ya 8, yaani daraja la kwanza kwa pointi 8. Shangazi zake wameshaanza kumwita daktari. Nafurahi, lakini jirani yangu mwaka jana alishangilia hivi hivi, kufika Oktoba hataki hata kuulizwa. Mliopitia, mlimwandaaje mtoto?

MwlMstaafu: Wani hazilingani. Inaanzia pointi 3, ndiyo ya juu kabisa, hadi 9. Mwenye A tatu na mwenye C tatu wote wana wani, ila kwa udaktari pale MUHAS, chuo kikuu cha afya Muhimbili, hawatoshani nguvu. Kiwango cha chini kwenye kitabu cha TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni ruhusa ya kuomba tu. Nafasi zinajazwa kuanzia juu.

BabaMsafiri: Mwalimu, mimi yalinikuta. Kijana wangu alipata C tatu. Nikachinja mbuzi, nikaita ukoo, nikasimama nikasema huyu ndiye daktari wetu wa kwanza. Maombi nikajaza mwenyewe: udaktari chuo hiki, udaktari chuo kile, hadi mwisho. Akasema taratibu, "Baba, tuweke na maabara." Nikamkemea asijitabirie mabaya. Awamu ya kwanza jina hakuna. Ya pili hakuna. Jioni ile alifua nguo zake zote, akazikunja, alfajiri akaondoka. Simu kaiacha mezani. Siku tatu tunazunguka vituo vya polisi na hospitali, mama yake hali, halali. Tukampata kwa bibi yake Kondoa, anachunga. Akaniambia, "Nisingeweza kukaa kwenye nyumba uliyochinjia mbuzi." Neno lile ninalo mpaka leo.

Zuwena_T: Nimelia ofisini.

KijanaWaIlala: Wazazi wa hivi ndio mnaotuua.

MzeeWaKahawa: Baba wa watu anaungama, wewe unamrukia? Una mtoto?

KijanaWaIlala: Sina, mzee wangu. Nilikuwa huyo mtoto.

Mgosi: Hata kwetu yalitokea, mbuzi tu hakuwepo.

DadaNesi: Mama Kibaha, changanyeni: uuguzi, famasi, maabara. Na diploma ya utabibu msiidharau, nafanya kazi na madaktari walioanzia huko wakajiendeleza.

Mjasiri77: Mwenye wani arudi diploma? Kupoteza muda. Uza kiwanja, mpeleke chuo cha binafsi.

DadaNesi: Kiwanja uuze kabla hujajua Bodi ya Mikopo itampa kiasi gani? Udaktari ni miaka 5 darasani, kisha mwaka wa intani, mazoezi ya kazi hospitalini. Cha mwaka wa tatu utauza nini?

Mjasiri77: Mungu hutoa.

MwlMstaafu: Mwambieni mtoto ukweli leo hii, kabla dirisha la maombi halijafunguliwa.

MzeeWaKahawa: Mimi napinga, utamvunja moyo bure. Anza na hao mashangazi, wanyamazishe hadi Oktoba.

Zuwena_T: Jamani, yule kijana wa Kondoa yuko wapi sasa?

BabaMsafiri: Mwaka wa pili, maabara ya tiba. Aliomba mwenyewe mwaka uliofuata, mimi niliombwa nauli tu.

MamaKibaha: Nilikuwa nimeshaandika vyuo vitano kwenye daftari, vyote udaktari. Sasa hivi nimempa binti daftari na kalamu, nimekaa pembeni. Kaanza na famasi, kumbe ndiyo anayoitaka tangu kidato cha nne. Mwalimu, kwa wani ya 8, famasi chuo cha Bugando, Mwanza, inakaaje?